Bi Kadi na Mkanda wa Nne Uliotangulia wa Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa ya kuhakiki filamu na kuwahoji waongozaji wake, mkuu wa dawati la uhakiki katika jarida la kila siku la tamasha letu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri. Hesabu hiyo ya siku ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akawarudishia barua yao ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno "zaidi".

Katika kumbi zetu zote nane anaitwa Bi Kadi. Wageni hudhani ni jina alilopewa na wazazi wake, na wako waongozaji mashuhuri walioondoka hapa wakiamini hivyo. Jina limetokana na kadi ngumu nyeupe, za ukubwa wa kiganja, anazoandikia maswali yake: swali moja kadi moja, namba juu kulia. Hajawahi kuingia kwenye mahojiano na kadi pungufu ya kumi na mbili wala zaidi ya kumi na mbili. Swali likishajibiwa, kadi hugeuzwa kifudifudi. Mwongozaji mmoja aliyezoea kusumbua waandishi alisema baadaye kwamba aliona kadi ya sita ikigeuzwa akahisi kama anayeliwa karata, akaanza kusema kweli.

Mimi ninayeandika haya ni fundi wa projekta. Nilistaafu miaka mitatu iliyopita, lakini kila msimu wa tamasha huitwa tena kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki anayejua kupakia mikanda ya zamani. Nimeombwa ukurasa mmoja. Nimejaribu. Shida ni kwamba kuna jambo limetokea wiki hizi tatu ambalo bila kulieleza wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine, na nikilieleza sina hakika kama nitakuwa nimelielewa. Bi Kadi ameusoma ukurasa huu kabla haujaenda kwa mchapaji. Amesahihisha koma mbili na kuniagiza nisifute kitu.

Alianza kazi hapa akiwa mpiga chapa. Alikuwa amefika mjini miezi michache kabla, kama wengi wetu wa kizazi hicho, na vyeti vyake vya ualimu vilikuwa vimebaki katika nyumba ambayo hakuna aliyeweza kurudi kuifungua. Kazi yake ilikuwa kuchapa majina ya filamu na saa za maonyesho. Mwaka wa pili mhakiki mmoja aliugua meno siku ya ufunguzi. Bi Kadi akachapa ratiba, halafu nafasi iliyobaki wazi akaijaza kwa mistari arobaini kuhusu filamu aliyoitazama akiwa amesimama mlangoni. Mhariri alisoma, akauliza nani ameandika, akaambiwa ni mpiga chapa. Akasema, "Basi mtafuteni mpiga chapa mwingine." Bi Kadi alifikiri amefukuzwa. Alikwenda nyumbani na mkoba wake, na ilibidi dereva wa ofisi atumwe kumrudisha.

Nyumbani kwake kazi yake haikueleweka vizuri zaidi. Mama mkwe wake, aliyekaa naye miaka kumi na mmoja, aliwaambia majirani wote kwamba mke wa mwanawe anahoji watu kutwa nzima na kurekodi sauti zao. Majirani wakakata shauri kwamba yumo katika upelelezi, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyethubutu kuegesha gari mbele ya lango lao. Binti yake, ambaye sasa ni daktari wa meno, anasema aliporudi kutoka shule alikuta maswali yamepangwa: la kwanza umekula, la pili nani alikuudhi, la tatu wewe ulimuudhi nani kabla yake. "Na mama hakukubali uliruke la tatu," anasema.

Makosa pia yapo, na mwenyewe huyasimulia kwa raha. Mwaka wake wa tano alimhoji kwa dakika arobaini bwana mmoja mwenye koti refu, mwenye maneno ya kina kuhusu upweke wa binadamu. Kumbe alikuwa shemeji wa mwongozaji, aliyekuja kushika koti tu. Mwongozaji halisi alipofika, majibu yake yalikuwa makavu kama mkate wa juzi. Bi Kadi alichapa ya mwongozaji, kama ilivyopasa, lakini ya yule shemeji aliyahifadhi, na hadi leo anasema ndiye aliyeielewa ile filamu.

Kutokana na aibu hiyo alijiwekea sheria: hamhoji mwongozaji kabla ya kuitazama filamu yake mara mbili. Mara ya kwanza anatazama kama mtu yeyote aliyekata tiketi. Mara ya pili anatazama akiwa na kalamu. Vijana wote waliopita kwenye dawati lake wamefundishwa hivyo, na wengine wameacha kazi kwa sababu hiyo. Tangu aiweke, sheria hii imevunjwa mara moja tu.

Ilikuwa mwaka wake wa tisa. Ilikuja filamu kutoka mbali, ya mwongozaji ambaye hatukuwa tumemsikia, kuhusu fundi saa mzee na binti yake. Ilikuwa mikanda mitano, kila mmoja katika mkebe wake wa bati, na sanduku lilifika dakika arobaini kabla ya onyesho la saa nane mchana, kwa kuwa wakaguzi wa mizigo walikuwa wamelizuia. Walikuwa wamefungua mikebe yote na kurudishia vifuniko ovyo. Kila mkanda huanza na kipande ambacho watazamaji hawakioni, kimeandikwa namba yake, na fundi hukisoma kabla ya kupakia. Siku hiyo sikukisoma. Nilisoma vifuniko.

Kwa hiyo mkanda wa nne ukatangulia wa tatu. Katika mkanda wa tatu baba na binti wanagombana mezani, kwa sababu binti anataka kwenda kufanya kazi ng'ambo, na anaondoka bila kuaga. Katika wa nne baba anazikwa, na binti anafunga duka. Watazamaji wetu waliona mzee anazikwa, duka linafungwa, halafu bila maelezo yoyote mzee yuko mezani anakunywa chai na ugomvi unaanza. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Mimi juu nilifikiri wamelala.

Bi Kadi aliandika uhakiki wake alasiri hiyo hiyo, ukatoka asubuhi. Humo mna sentensi ambayo wengi wenu mnaijua kwa moyo: "Mwongozaji huyu anajua kwamba wafu hawaondoki siku ya maziko, hurudi mezani kumalizia ugomvi." Sentensi hiyo iliwahi kuwa kwenye mabango yetu. Iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha historia ya tamasha. Chuo cha filamu cha mjini huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waijadili. Mtu akisema "uhakiki wa Bi Kadi", ni huo.

Mwongozaji, ambaye ndege yake ilichelewa, alifika asubuhi hiyo na moja kwa moja akaketishwa mbele ya kadi kumi na mbili. Hapakuwa na nafasi ya kuitazama filamu mara ya pili. Alikuwa anaondoka jioni. Kadi ya nne iliuliza kwa nini amemzika baba kabla ya ugomvi. Jibu lake, kama lilivyochapwa, ndilo lililowaliza watu wengi kuliko filamu yenyewe: "Niliporudi kutoka kumzika baba yangu, nilimkuta mezani ananingoja. Hatukuwa tumemaliza."

Saa saba mchana, kabla ya onyesho la pili, alipanda hadi chumba changu. Tayari nilikuwa nimegundua kosa nikirudisha mikanda nyuma, na nilikuwa ninaipanga upya. Aliniuliza jana nilionyesha kwa mpangilio gani. Nikamwambia. Aliketi kwenye kigoda changu akacheka mpaka akakohoa, kisha ghafla akaacha kucheka.

"Leo rudia vilevile," akasema.

"Mzee, hiyo si filamu yako."

"Leo ni yangu. Yule dada ameshaichapa." Halafu akaniomba nisimwambie.

Aliitazama yote akiwa amesimama kwenye kidirisha kidogo kando ya projekta, amenipa mgongo. Ilipokwisha alinishika mkono akateremka. Sikuuona uso wake, na ningetoa kitu kikubwa leo ili niwe nimeuona. Siku mbili baadaye waamuzi waliipa filamu hiyo tuzo ya uhariri bora, kwa kile walichokiita ujasiri wa mpangilio. Tuzo ikatumwa kwa mhariri wa picha, ambaye ni dada yake mwongozaji, na ambaye hakuwa amekuja.

Miaka ishirini na mitano ikapita.

Mwaka huu hifadhi ya filamu ya tamasha imeanza kutengeneza nakala safi za filamu zilizotuzwa hapa, zitakazodumu baada yetu sote. Kila filamu ina fomu, na kila fomu inahitaji saini ya mkuu wa dawati la uhakiki, kuthibitisha kwamba nakala ndiyo filamu yenyewe. Baada ya Ijumaa saini ya Bi Kadi haitakuwa na nguvu tena. Mrithi wake ni mwerevu, lakini filamu hiyo ilipoonyeshwa alikuwa darasa la pili. Mtunza hifadhi, ambaye ni mtu wa kufuata utaratibu, aliandika kwa mhariri wa picha kuomba orodha ya mikanda. Mwongozaji mwenyewe alifariki miaka sita iliyopita. Orodha ikaja: moja, mbili, tatu, nne, tano, na kila mkanda na maelezo yake. Ugomvi kwanza, maziko baadaye. Na ndani ya bahasha kulikuwa na barua.

Ndugu hao wawili walijifunza lugha yetu shuleni, na barua ilikuwa na ule usafi wa mtu aliyejifunza lugha kitabuni. Dada mtu aliandika kwamba kwa miaka ishirini na mitano ana tuzo sebuleni asiyoielewa, kwani cheti chake kinamsifu kwa kumzika baba kabla ya ugomvi, jambo ambalo hakulifanya. Alifikiri ni tafsiri mbaya. Alimuuliza kaka yake mara nyingi, naye kila mara alicheka na kubadilisha mazungumzo. Kwao filamu ilionyeshwa kwa mpangilio wake mpaka kaka alipofariki. Mwisho aliongeza jambo dogo, kwa kuwa mtunza hifadhi alikuwa amemtumia nakala ya yale mahojiano. Aliandika: "Sielewi maneno kuhusu maziko ya baba yetu. Siku kaka yangu aliposema hayo, baba alikuwa nyumbani, mzima, ananyoa ndevu. Alifariki miaka minne baadaye."

Bi Kadi alipanda ngazi za chumba cha projekta na barua mkononi, miwani juu ya paji la uso. Hajawahi kupenda zile ngazi.

"Fundi, kaa."

"Nimekaa."

"Ile filamu ya fundi saa. Uliionyesha vipi?"

"Vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Wa nne ulitangulia wa tatu."

Alishusha miwani akanitazama vizuri, kama anayesoma maandishi madogo. "Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Ukanyamaza miaka ishirini na mitano? Tumekunywa chai pamoja kila siku, Fundi. Umekuja kwenye harusi ya binti yangu."

"Mwenye filamu aliniomba ninyamaze."

"Mwenye filamu ana miaka sita kaburini!"

"Ndiyo maana nasema."

Siku mbili hatukuongea. Siku ya tatu alikuja na kinasa sauti chake cha zamani na kaseti yenyewe, kwa kuwa hajawahi kutupa kaseti hata moja. Akaniambia nisikilize, kwa sababu yeye ameshasikiliza mara nne na haelewi anachosikia. Nayanukuu maneno hayo kama yalivyo, kwa idhini yake, kwa sababu hayakuchapwa. Kwanza Bi Kadi anasikika akiuliza swali la kadi ya nne. Kisha sauti ya mwanamume:

"Umeitazama mara ngapi, dada?"

"Mara moja tu, jana. Niwie radhi, kwa kawaida huwa mara mbili."

"Na baba alikuwa mezani, baada ya kaburi?"

"Baada ya kaburi, ndiyo. Anakunywa chai."

"Ukafanyaje?"

"Nililia. Mtu wa kiti cha pembeni aliniazima leso."

Hapo pana ukimya. Bi Kadi ameupima kwa saa: sekunde kumi na moja. Unasikia gari nje likirudi kinyumenyume. Halafu yule mwongozaji anasema polepole, "Basi ndivyo ilivyo," na kuanza kusimulia habari za kumzika baba yake, ambaye wakati huo alikuwa ananyoa ndevu.

Nilimuuliza kama mtu yule alikuwa mwongo. Akasema hajui. Nikamuuliza kama alikuwa mpole tu, hakutaka kumwaibisha mwanamke aliyelia. Akasema hilo linawezekana sana, tena linamuuma zaidi. Au pengine katika zile sekunde kumi na moja aliiona filamu nyingine, akaipenda, akaichukua kuwa yake. Lakini kama aliipenda, kwa nini alirudi kwao akaendelea kuonyesha ile ya kwanza? Na kama hakuipenda, kwa nini alisimama kidirishani dakika mia moja kuitazama? Kila tulipofunga mlango mmoja, mwingine ulifunguka. Mtunza hifadhi alipiga simu mara mbili kuulizia fomu.

Lililokuwa mezani lilieleweka, hata kama mengine yote hayakueleweka. Akitia saini orodha ya dada mtu, nakala itakayobaki duniani itaufanya uhakiki wake mashuhuri uwe sifa kwa kosa la fundi wa projekta, na wanafunzi wa chuo watacheka kwa haki kabisa. Akitia saini mpangilio tulioonyesha hapa, ana ushahidi wa kutosha: mwongozaji mwenyewe, kwa sauti yake, amesema ndivyo ilivyo. Mwenyekiti wa tamasha alimjia ofisini na kumshauri njia hiyo ya pili. Alisema ni siku zake za mwisho, hakuna wa kumlaumu, na kile kitabu kina picha yake ukurasa wa tatu. Bi Kadi alimshukuru na kumuuliza kama ameitazama filamu yenyewe. Mwenyekiti akasema alikuwa na nia ya kuitazama.

Jumatatu asubuhi, katika ukumbi mdogo, nilimwonyesha kwa mpangilio wa dada mtu. Jumanne nikamwonyesha kwa mpangilio wangu, kama naweza kuuita hivyo. Alikaa peke yake safu ya sita bila kadi wala kalamu. Nilimchungulia kutoka juu. Jumatatu alilia kwenye ugomvi, kwa sababu safari hii alijua kinachokuja, na binti wa filamu hakujua. Jumanne hakulia kabisa. Alipotoka alikuwa na hasira, lakini si na mimi. "Nilitaka moja iwe mbaya," alisema. "Moja tu, Fundi. Ingenisaidia sana."

Jumatano saa nne alitia saini. Nilikuwepo kama shahidi, na mtunza hifadhi alisimama karibu, muhuri mkononi. Alitia saini orodha ya dada mtu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Chini kuna mstari mmoja wa maelezo, ambao kwa kawaida watu huuacha wazi. Yeye aliandika hivi, kwa mwandiko ule ule wa kwenye kadi: "Uhakiki wangu wa mwaka ule ulihusu filamu ambayo hakuna aliyeitengeneza. Niliyemhoji alikuwa na huruma." Mtunza hifadhi akasema fomu haina nafasi ya mambo ya namna hiyo. Bi Kadi akamwonyesha kwamba mstari ule una sentimita kumi na nne, na yeye ametumia kumi na mbili.

Ameagiza pia sentensi yake iondolewe kwenye kitabu katika toleo lijalo, au iachwe na maelezo ya kosa chini yake. Mwenyekiti anafikiria. Makala ya masahihisho itatoka katika jarida la Ijumaa, ukurasa wa kwanza, na inaanza na maneno ambayo katika miaka yote sijawahi kuyaona chini ya jina lake: "Sina hakika." Ni makala yake ya mwisho hapa. Baadhi ya vijana wa dawati wamekasirika, wanaona anaichafua kazi yake mwenyewe akiwa tayari mlangoni. Wengine wanasema ni uhakiki wake bora. Wamegombana wao kwa wao hadi chai ikapoa, na yeye aliwaacha wagombane.

Alhamisi, yaani leo, nilikwenda kumsaidia kubeba masanduku. Kadi peke yake zilijaza manne. Katikati ya kazi alisema kuna simu moja lazima aipige akiwa bado na simu ya ofisi. Alipiga namba ndefu kutoka kwenye ile barua. Ilipokelewa na mwanamke mzee mwenye sauti kavu, na Bi Kadi akaiweka simu mezani ili aendelee kufunga kamba huku anaongea, kwa hiyo nilisikia yote.

Alijitambulisha. Akaeleza habari ya vifuniko, ya onyesho, ya tuzo. Hakunitaja kwa ubaya. Alisema ametia saini mpangilio wa mkanda wa kwanza hadi wa tano, kama ulivyokatwa, na kwamba anaomba radhi kwa ile tuzo isiyoeleweka, kwa miaka yote hiyo.

Yule mama upande wa pili akasema, "Asante, dada. Kaka yangu angesema hapakuwa na haja." Kisha akauliza kama tuzo airudishe. Bi Kadi akasema la, aiache hapo hapo sebuleni.

"Haya," akasema yule mama. "Lakini nakuuliza. Ule mpangilio mwingine, ulikuwaje? Mimi sikuwahi kuuona."

Bi Kadi aliacha kamba. Akavuta kiti akaketi, na kuanza kumsimulia kuanzia mkanda wa kwanza: duka, saa ukutani, mikono ya mzee, ugonjwa wake. Alisimulia polepole, bila kadi, kwa sauti ambayo nadhani huitumia kwa wajukuu. Mhariri wa picha aliyeikata filamu ile kwa mikono yake alisikiliza kana kwamba ni ya mtu mwingine. Walifika kwenye maziko. Duka likafungwa. Bi Kadi akasema, "Halafu picha inafunguka, baba yuko mezani, anakunywa chai."

"Ngoja," yule mama akasema. "Rudia hapo."

Akarudia. Niliyabeba masanduku hadi chini, moja moja, na nilipopanda kuchukua la mwisho walikuwa bado wapo hapo hapo, mezani, wanaulizana kikombe kilikuwa upande gani.

Bi Kadi, sisi wa kumbi nane, wa jarida, wa hifadhi na wa chumba cha projekta tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa, ambayo tumeihesabu upya na kukuta ni sawasawa. Tunawashukuru mumeo na binti yako kwa kutuazima mtu wao kila msimu. Nenda ukapumzike, na uwe na afya, usingizi mzuri na viti laini. Na simu ya yule mama ikija hapa ofisini, kwa kuwa amesema atapiga tena, tutampa namba ya nyumbani kwako.